Wala Mchele Mbichi

Chokaa ikilowa ina harufu yake, na mimi harufu hiyo ikinipata hata nikiwa katikati ya ugomvi hunyamaza. Juzijuzi fundi alikuwa anapaka ukuta wa uani kwangu Mbagala. Akamwaga maji kwenye pipa la chokaa, na ule mvuke ukanifuata jikoni nilikokuwa nikimenya vitunguu. Nikatoka, nikaenda kusimama pale pipani kama mtu aliyeitwa. Fundi akaniuliza, "Mama, kuna tatizo?" Nikamwambia, endelea na kazi yako baba, hakuna tatizo, nimemkumbuka bibi yangu. Akanitazama kwa huruma, nadhani alidhani sukari imenipanda.

Wiki hiyohiyo Baba Mdogo Shabani akanipigia simu kutoka Gofuni kuniambia Bi Tatu amefariki. Bi Tatu si ndugu yetu. Ni mtani wetu, na kwa watu wa kwetu mtani hazikwi hivihivi. Nikapanda gari la alfajiri la kwenda Kibiti, na njia nzima nilikuwa nacheka peke yangu huku machozi yananitoka, mpaka kijana aliyekaa pembeni yangu akahama kiti. Sikumlaumu. Angejua mimi na marehemu tulianzaje, angehama gari kabisa.

Nilipelekwa Gofuni meno ya mbele yakiwa ndiyo kwanza yanang'oka. Baba alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani Dar es Salaam. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, viwanda vinafungwa na maduka yanafunguliwa, na kila mtu mzima akisema "mambo yamebadilika," wengine wakicheka na wengine wakishika tama. Mimi ruksa sikuijua ni mdudu gani. Nilichojua ni kwamba sabuni sasa inanunuliwa bila foleni, na kwamba mimi napelekwa kwa Bibi, mama yake baba, mpaka baba apate pa kujishikiza.

Gofuni ni mji wa mpakani. Usifikirie bendera na askari; ni mpaka wa nchi kavu na maji. Barabara ya udongo kutoka Kibiti ikifika pale imeshachoka, na mbele yake ni mikoko na vijito na tope. Anayekwenda Mbwera au Kiongoroni anavulia viatu pale, anapanda chombo. Kwa hiyo tangu enzi na enzi watu wa milimani na watu wa majini walikuwa wakikutana pale, hawa na muhogo wao na ufuta, wale na mchele wao na samaki na boriti. Kila mgeni aliyekuja kutafuta riziki alijenga, na kila aliyeondoka aliacha ukuta, ndiyo maana pakaitwa Gofuni. Palikuwa na forodha ya Wajerumani, paa halipo, mtini umeota katikati na mbuzi wamelala mahali alipokuwa akikaa bwana mkubwa wa ushuru. Palikuwa na duka la Mhindi mmoja aliyeondoka kabla sijazaliwa, lenye milango ya buluu, na barazani mizani ya chuma ambayo hakuna aliyeweza kuibeba. Watoto tulijipima pale kila jioni, na sote tulikuwa na uzito mmoja, maana mshale ulikuwa umekwama.

Na palikuwa na Jumba la Chokaa, nyumba ya Bibi.

Jamani, nyumba ile! Kuta zake zilikuwa nene hata mtoto aliweza kulala dirishani na kujigeuza. Juu, boriti za mikoko zimepangwa moja baada ya nyingine, nyeusi kwa moshi wa miaka, na juu ya boriti popo. Mchana wa jua kali ukiingia ndani unahisi umevuliwa gunia. Mvua ikinyesha, kuta zinatoa ile harufu ya chokaa iliyolowa, ikichanganyika na harufu ya kamba wakavu na mikeka mipya na, nisiseme uongo, mavi ya popo. Mlango ulikuwa wa mti mzito, na kizingiti chake kilikuwa kimelika katikati kwa nyayo za watu. Mimi nilipenda kukaa pale kwenye lile bonde la kizingiti. Lilinienea sawasawa.

Bibi alikuwa mwembamba, mpole, mwenye sauti ya chini. Mimi aliniita mke mwenzangu, kama bibi wengi wanavyowaita wajukuu wao wa kike. Kwao hasa kulikuwa Mbwera, alikuja Gofuni kuolewa na babu, na babu alikuwa ameshafariki mimi sijamwona. Alikuwa na neno lake moja, kila akipepeta mchele: "Nyumba hii mimi ni mpangaji tu, mke mwenzangu. Nyumba ya kina babu yako." Alisema akicheka, nami nikacheka, nikidhani ni maskhara.

Wakati wa kupepeta ndio aliponisimulia walioanza mji ule. Wa kwanza wetu aliitwa Mkumba, mtu wa majini, mkata boriti. Siku moja, baada ya vita vya wazee na Wajerumani, njaa imetanda kila mahali, akamwona mtu anashuka kutoka milima ya Umatumbi, yeye na mkewe na jembe, wamebaki mifupa. Mtu huyo aliitwa Mbonde. Mkumba akamwekea mchele kwenye bakuli, akaenda kutafuta kuni ili wapike. Aliporudi na kuni begani, bakuli tupu. Mbonde ameutafuna mchele mbichi, yeye na mkewe, punje hata moja haikubaki.

"Babu akakasirika?" nikauliza.

"Akakasirika nini! Alicheka mpaka kuni zikamwanguka. Akamwambia, 'Bwana wee, umekula kwangu kabla sijakukaribisha. Huna budi kukaa.' Wakakaa."

Wakajenga pamoja hilo Jumba la Chokaa. Kina Mbonde walitoka penye mawe, walijua kuchoma chokaa na kusimamisha ukuta. Kina Mkumba walijua mikoko, wakakata boriti, wakaezeka. Kuta zao, paa letu. Na utani ukaanzia hapo: sisi tukiwaita wao wala mchele mbichi, wao wakituita sisi mamba, kwa kuwa tunaishi topeni. Ukoo kwa ukoo, mpaka leo.

Mimi nilikisikia kisa hicho kama mtoto anavyosikia visa, yaani nilikipenda kile cha mchele na sehemu iliyobaki ikapita. Kwa hiyo wa milimani walipokuja kutajwa, mimi niliona jambo moja tu: kulikuwa na bibi mmoja jirani, mnene, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti ya kuamsha mji, na bibi huyo alikuja kila siku kumtukana bibi yangu.

Ndiye Bi Tatu, mjukuu wa yule Mbonde. Alikuwa akiishi nyuma ya duka la Mhindi, akisuka mikeka. Asubuhi, sijamaliza hata kunawa uso, nasikia mlangoni, "Mamba! Mamba mmeamka au mmeshakula mtu huko ndani?" Anaingia bila hodi. Anafunua chungu. "Huu ndio mchuzi? Samaki huyu amekufa kwa ugonjwa." Anakaa juu ya mkeka wa Bibi, anachukua kanga ya Bibi iliyoanikwa kambani, anajifunga, anaondoka nayo. Mwenyewe namwona kwa macho yangu! Na Bibi, yule mpole asiyemkemea hata paka, anamwitia kwa nyuma, "Nenda mla mbichi wee, meno yako ya kutafunia punje yamebaki mangapi?" Halafu wanacheka. Mimi nilidhani Bibi anacheka kwa woga.

Nikamchukia. Nilimchukia kwa moyo wote, kama watoto wanavyojua kuchukia, bila kupunguza. Akinipa kashata nairudisha. Akiniita, "We mtoto wa mamba, njoo unisalimie," namwamkia nikiangalia miguu yangu. Aliniambia siku moja, "Huyu kachukua kiburi cha babu yake. Atanizika vizuri huyu." Nikaenda kumwambia Bibi kwamba Bi Tatu amejiapiza kufa. Bibi akaangua kicheko, nikaona hata yeye amesharogwa.

Basi likaja hilo lililokuja. Baba Mdogo Shabani, kitinda mimba wa Bibi, alirudi kutoka Dar es Salaam amevaa suruali ya jinzi ya mtumba na ana redio ya kaseti begani. Alikuwa kijana mzuri, mcheshi, nilimpenda na bado nampenda. Ila alirudi na jambo. Kule mjini kulikuwa na mtu anayenunua boriti kuukuu na milango ya kale, kwa ajili ya wanaojenga mahoteli ya watalii. Alishamweleza habari ya Jumba la Chokaa. Boriti zingeshushwa, mlango ungeng'olewa, na kwa hizo fedha Shabani angemjengea mama yake nyumba ya tofali za saruji Kibiti, barabarani, yenye bati na sakafu, na mbele yake duka la nguo.

"Mama, gofu hili litakuangukia," alisema. "Siku hizi ni ruksa. Kila mtu anainuka, sisi tu tumekaa na popo."

Na kweli alikuwa anasema kwa mapenzi. Bibi alikuwa amekaa na ungo mapajani. Akaupiga ungo mara moja, akaacha. Akasema, "Nyumba ya kina baba yako. Mimi nitasema nini?"

Pale ndipo nilipoelewa kwamba lile neno la mpangaji halikuwa maskhara. Bibi alikuja kuolewa. Nyumba ilikuwa ya ukoo wa Mkumba, na wana ndio wenye kauli. Wazee wa ukoo Shabani alishawapitia mmojammoja. Bibi, aliyefagia nyumba ile na kuzalia watoto wake wote mle ndani, hakuwa na pa kusemea. Asubuhi yake nikamwona ameweka kiganja ukutani, amekibandika tu, kama unavyompima mtoto homa. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi Kibiti sitaishi, mke mwenzangu. Nitafika, lakini sitaishi." Mimi nikaanza kulia, na yeye akanipa kamba mkavu mmoja nitafune ninyamaze.

Kisha akajifunga kanga, akanishika mkono, tukaenda kwa Bi Tatu. Nilishangaa. Toka nifike sikuwa nimemwona Bibi akienda kwa adui yake. Bi Tatu alikuwa ameketi barazani kwa Mhindi, ukili umezagaa miguuni. Bibi hakukaa. Akamwambia, "Mla mbichi, unasuka mikeka na kuta za babu yako zinaondoka. Ijumaa wanashusha boriti. Njoo uzichukue kuta zako, mimi zimenichosha."

Bi Tatu akaacha kusuka. "Shabani?"

"Shabani."

"Na wewe umesema nini?"

"Mimi ni nani?"

Bi Tatu akatema mate pembeni. "Vizuri," akasema. "Vizuri sana! Libomolewe hilo choo la popo. Nimelisubiri siku nyingi." Akarudi kwenye ukili wake. Bibi akageuka tukaondoka, na ajabu yake alikuwa anatembea upesi kuliko tulivyokuja, kama aliyetua mzigo. Mimi nilikuwa nimeshahitimisha: Bi Tatu ndiye aliyemtuma Shabani. Njama zake. Amekaa pale anasuka mikeka huku anatubomolea nyumba. Nikaapa kwamba nikikua nitamwonyesha.

Siku yenyewe ikafika. Lori likaingia baada ya swala ya Ijumaa, lina mafundi na sururu na misumeno na kamba. Mnunuzi alikuwa mtu mzima wa heshima, Mzaramo, amevaa miwani ya jua. Alimwamkia Bibi shikamoo, akasifu mlango, akauzungukia akiupapasa. Nusu ya mji walikuwa wamekuja kutazama. Bibi alikuwa ameshafunga virago vyake, vilikuwa vichache, na kinu. Fundi mkuu akachukua ngazi, akaelekea mlangoni.

Hapo tukasikia kilio. Kilio cha msiba, cha wanawake wengi, kinatoka upande wa duka la Mhindi. Watu wakashika vichwa, nani amefariki? Wakatokeza, wanawake wa ukoo wa Mbonde wote, kanga viunoni, wengine wamejipaka chokaa usoni, wanalia, "Ukuta wetu jamani! Umekufa bado mzima! Nani atauosha? Nani atautilia sanda?" Na mbele yao Bi Tatu, amejifunika shuka jeupe gubigubi, anatembea kama jini. Hakumsalimu mtu. Akafika mlangoni kwetu, akajilaza juu ya kizingiti, mwili mzima, akaziba mlango, akajifunika uso. Akawa maiti.

Mimi nilipiga kelele. Nilidhani amekufa kweli, na kwamba Mungu amenijibu zile dua zangu mbaya.

"Mama Tatu, ondoka tufanye kazi," Shabani akasema.

Maiti hajibu. Wanawake ndio waliojibu, "Mfiwa mnyamazisheni, anapayuka!"

Shabani akakunja uso. "Sasa hii nini? Hii ni mali yetu, mtu asituletee..." Hakumaliza. Mzee mmoja wa ukoo wetu, mmoja wa wale aliowapitia, alimkata kauli: "Ala! Shabani! Unamkasirikia mtani? Kumekucha!" Na watu wote wakaguna. Kwa sisi mtu kumkasirikia mtani ni aibu isiyooshwa kwa sabuni ya ruksa wala ya foleni. Shabani akanywea. Ilibidi acheke, na alicheka kama mtu anayekunywa mwarobaini.

Ndipo maiti akazungumza, chini ya shuka. "Boriti ni zenu, mamba. Mlizikata wenyewe, sikatai. Zishusheni."

"Ahsante," Shabani akasema.

"Lakini ukuta ni wangu. Shusheni boriti zenu, ukuta wangu usidondoke hata chembe ya chokaa."

Fundi mkuu akapanda ngazi kwa nje, akachungulia. Akashuka anakuna kichwa. "Haiwezekani, mama. Vichwa vya boriti vimemezwa na ukuta. Na fremu ya mlango vilevile. Ukitoa hiki unatoa na kile."

"Kumbe unajua kazi yako," maiti akasema. "Basi nirukeni mpite."

Hakuna aliyemruka. Nani amruke? Mnunuzi akavua miwani yake, akaifuta kwa shati, nikaona anacheka na macho yana maji. Akamwambia Shabani, "Mdogo wangu, na mimi nimezaliwa na watu. Kwetu pia wapo hawa. Acha nitafute nyumba nyingine." Akawaita mafundi wake. Shabani akakaa chini juu ya kinu cha mama yake, kichwa mikononi, na nilimwonea huruma, maana duka lake lilikuwa linaondoka na lori.

Lakini maiti bado alikuwa amelala. Mtani akishalala haamki bure. Wazee wakauliza, "Mla mbichi, unataka nini uinuke?" Watu wakategemea kuku, au doti ya kanga.

"Nataka nilishwe," Bi Tatu akasema. "Na nisilishwe na mwanamume yeyote wa humu. Nataka anilishe huyo mpangaji."

Bibi akaingia kwa mlango wa uani, akatoka na bakuli la mchele. Akapiga magoti pale kizingitini. Bi Tatu akainuka akakaa, akafunua uso, akatia mkono bakulini, akajaza kinywa. Mchele mbichi. Akautafuna kwa yale meno yake machache, polepole, mbele ya mji mzima, na hakuna aliyecheka tena. Ulisikika tu ule mchele ukivunjika. Alitafuna mpaka akameza. Kisha akamwambia Bibi, lakini kwa sauti ya kusikika hadi forodhani, "Nimekula kwako kabla hujanikaribisha. Sasa mimi siondoki hapa. Na aliyenilisha haondoki."

Bibi akamwangukia begani. Sikuwahi kumwona Bibi akilia, na nilishangaa kwamba analia kwa sauti, yeye ambaye hata kuongea aliongea chini. Bi Tatu alikuwa anampiga mgongoni na kusema, "Haya, mamba, haya, usinilowanishe."

Jioni ile nilimuuliza Bibi, "Kwani Bi Tatu hatuchukii?"

Bibi alikuwa anafungua virago, anarudisha vyombo mahali pake. Alinigeukia kana kwamba nimemuuliza kama samaki anajua maji. "Angenichukia," akasema, "si angenisalimia vizuri?"

Nililala na neno lile siku nyingi, nikalifahamu kidogokidogo. Kesho yake asubuhi Bi Tatu aliponiita mtoto wa mamba, nilimjibu, kwa woga, "Marahaba, mla mbichi." Alisimama katikati ya uwanja, akashika kiuno, akapiga kigelegele kirefu hadi mbuzi wakatoka forodhani. Toka siku hiyo nilikula kashata zake zote.

Shabani hakupata nyumba ya tofali. Alilichukua duka la Mhindi, akapaka upya milango ya buluu, akauza mitumba pale barazani pembeni ya mizani, na mambo yake yakamnyookea kiasi. Baadaye yeye mwenyewe ndiye aliyeezeka bati juu ya boriti zilezile. Bibi alifariki katika Jumba la Chokaa, kitandani pake, mimi nikiwa sekondari. Bi Tatu kwenye msiba ule alituaibisha vya kutosha: alimwigiza Bibi kutembea, akaiba kinu, akawaambia waombolezaji kwamba marehemu alikuwa mchoyo wa chumvi. Watu walicheka mbavu ziwaume. Mimi nilikwenda jikoni kuchukua maji nikamkuta nyuma ya mlango, amekaa juu ya kinu alichoiba, kanga ya Bibi ameibana mdomoni, mwili wote unatikisika. Nikakaa chini pembeni yake. Baada ya arobaini alihamia mle jumbani. Alisema kuta zake zinaogopa kukaa zenyewe.

Kwa hiyo safari hii nilipofika Gofuni, msiba ulikuwa palepale, nyumba ileile. Mtini wa forodhani umeshaangusha ukuta mmoja. Mizani bado iko. Bi Tatu alikuwa ameshaoshwa na kutiwa sanda, jeneza liko chumbani, wanaume wamepanga mstari nje. Nilimwamkia Baba Mdogo Shabani, sasa naye ana fimbo na ndevu nyeupe. Akaniangalia na hili baibui langu la mjini na miwani na mkoba. Akasema, "Ukoo wa Mkumba wanawake ndio wewe tu uliyefika."

Nikamwelewa. Nikampa mkoba na miwani. Nikaomba shuka jeupe.

Walipoliinua jeneza, "Laa ilaha illa Llah" ikaanza, wakafika mlangoni, wakanikuta. Nimelala juu ya kizingiti, gubigubi. Mimi, mtu mzima mwenye wajukuu! Kile kibonde cha katikati bado kilikuwapo, mgongo wangu ulikitambua. Ile harufu ya chokaa ilinijia karibu mno, maana jana yake mvua ilinyesha. Nje kicheko kikalipuka, na ndani yake nikamsikia Shabani akicheka kuliko wote.

"Mamba huyo! Unataka nini?" Ilikuwa sauti ya Zuhura, mjukuu wa marehemu, mkubwa wao sasa.

"Mla mbichi wenu hapiti," nikasema ndani ya shuka. "Alitutukana maisha yake yote. Mchuzi wetu aliuita sumu. Kanga za bibi yangu ziko wapi? Hapiti!" Nilitaka kuongeza matusi mengine, nilikuwa nimeyaandaa tangu Mbagala, lakini badala yake nikalivuta shuka usoni.

Nikasikia nyayo, kisha kitu kikiwekwa karibu na sikio langu. Nikafunua uso. Zuhura alikuwa amepiga magoti, mashavu yamelowa, na mbele yangu bakuli la mchele. Nikainuka nikakaa, nikajaza kinywa. Jamani, mchele mbichi ni mgumu! Nilitafuna, nikatafuna, machozi na mchele pamoja, wanaume wamebeba jeneza wananisubiri na mji mzima unanisubiri. Nilipomeza, nikavuta miguu nikakipisha kizingiti, na Bi Tatu akapita juu yangu kwenda zake.

Zuhura akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake. "Haya, mla mbichi," akaniambia, "umekula kwetu kabla hatujakukaribisha."